KITANDA CHA DEREVA WA TRENI
Uhakiki wa riwaya ya Zola kwa kipimo cha saa za kazi

Kila tabaka lina namna yake ya kueleza makosa. Treni inapoacha reli, bwanyenye huuliza: ni nani aliyekuwa anaendesha? Mfanyakazi huuliza: alikuwa ameendesha kwa saa ngapi, na usiku uliotangulia alilala wapi? Maswali hayo mawili yanahusu ajali ile ile na mtu yule yule, lakini hayatoki mahali pamoja wala hayaelekei mahali pamoja. Swali la kwanza humalizikia kwa mtu mmoja, tabia yake, ulevi wake na uzembe wake. Swali la pili halisimami hapo, bali hufika kwenye orodha ya zamu, na kutoka kwenye orodha ya zamu hufika kwa yule aliyeiandika na kwa faida aliyokuwa akiitafuta.

Katika makala haya tunakusudia kutumia swali hilo la pili kuhakiki riwaya ya Émile Zola iitwayo La Bête humaine, yaani mnyama aliyemo ndani ya mtu, iliyochapishwa Ufaransa mwaka 1890. Ni mojawapo ya riwaya mashuhuri kuhusu dereva wa treni. Lakini wengi huisoma kama hadithi ya mapenzi na mauaji tu, na wahakiki wengi hupita upesi juu ya jambo ambalo mwandishi mwenyewe alilichunguza: dereva wa safari ndefu ni mfanyakazi mwenye vitanda viwili, kimoja nyumbani na kimoja ugenini, na vyote viwili hupangwa na saa ya kampuni.

Alichokiona Zola

Hatuna budi kuanza kwa kumpa mwandishi haki yake. Zola hakuandika kwa kubuni akiwa kitini. Mwaka 1889 alipanda kwenye injini ya mvuke, akasimama pamoja na dereva na mchochea moto kutoka Paris hadi Mantes, akiandika aliyoyaona. Ndiyo maana kazi ya reli katika riwaya hii ina joto, moshi na uzito. Dereva anatoa kichwa nje kwenye upepo na mvua ili aone ishara. Mchochea moto anapiga makaa tanuruni. Injini yenyewe, waliyoipa jina la kike la Lison, inatunzwa kama kiumbe chenye tabia zake.

Jacques Lantier ni dereva wa kampuni ya reli ya Magharibi, njia ya Paris hadi Le Havre, mwendo wa kilomita 228. Mwenzake ni Pecqueux, mchochea moto. Kwa injini za wakati ule safari hiyo ilikula saa nyingi kiasi kwamba kwenda na kurudi ndani ya zamu moja hakukuwa jambo la kawaida. Basi dereva hufika Le Havre usiku, huikabidhi injini, hutafuta kitanda katika nyumba wanamolala madereva na wachochea moto, na asubuhi mapema huwa tena kwenye injini akirudi Paris. Hayo ndiyo maisha ya wawili hao kwa miaka.

Zola aliona pia matokeo yake. Pecqueux ana mke mjini Paris, aitwaye Victoire, na ana hawara mjini Le Havre, aitwaye Philomène, mwanamke katika kila mwisho wa reli. Mke anajua habari hiyo, naye huvumilia. Mwandishi analieleza jambo hili kama kichekesho cha mlevi mmoja, na msomaji hucheka. Lakini tukiacha kucheka tukatazama, tunaona kwamba kampuni imeigawa nafsi ya mtu huyu nusu kwa nusu kati ya stesheni mbili, halafu inashangaa kwamba nyumba yake nayo imegawanyika. Alichokiita Zola udhaifu wa tabia ni ratiba iliyovaa nguo za mtu.

Aliona tena kwamba kampuni hulipa zawadi ya fedha kwa dereva anayebana makaa na mafuta ya injini. Hapo ndipo ulipo ujanja wa bepari. Msimamizi hahitaji kupanda kwenye injini, kwa sababu ameshapandishwa ndani ya kichwa cha dereva mwenyewe. Dereva huwa mlinzi wa mali ya kampuni dhidi ya nafsi yake na dhidi ya mchochea moto wake.

Alichokiepuka Zola

Tatizo linaanza pale mwandishi anapotaka kueleza sababu. La Bête humaine ni sehemu ya mfululizo wa riwaya 20 za ukoo mmoja, ambamo Zola alitaka kuonyesha jinsi mtu anavyotawaliwa na damu aliyorithi. Lantier anabeba ndani yake ugonjwa wa kutaka kuua wanawake, ugonjwa ambao, kwa maelezo ya mwandishi, umetoka kwa mababu walevi. Kwa hiyo mauaji yanapotokea, hakuna wa kuulizwa. Kampuni haiulizwi, dola haiulizwi. Damu ndiyo iliyoua.

Tutazame sasa jambo moja ambalo ni ufunguo wa riwaya nzima. Zola anatuambia kwamba Lantier huwa mtulivu anapokuwa juu ya injini. Kazi inamponya. Ugonjwa humrudia anaposhuka: katika saa za mapumziko, anapotembea peke yake, anapokuwa chumbani na mwanamke. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba saa za kazi ndizo saa za usalama, na saa za kupumzika ndizo saa za hatari. Mfanyakazi akiwa kwenye mashine ni mtu, na akiiacha mashine ni mnyama.

Hatudai kwamba Zola alikusudia kuwatumikia wenye makampuni. Alikuwa mpinzani wa utawala wa Napoleon III, na katika riwaya hii anawaumbua mahakimu wanaoficha ukweli ili kulinda heshima ya wakubwa, hata mtu asiye na hatia, Cabuche, akatiwa hatiani. Grandmorin, mkubwa wa mahakama na mmoja wa wakurugenzi wa kampuni ya reli, anaonyeshwa kuwa fisadi anayewaharibu wasichana. Lakini angalia mipaka ya shutuma hiyo. Zola anamshutumu Grandmorin kwa alichokifanya chumbani mwake. Hamshutumu kwa alichokiamua kwenye kikao cha wakurugenzi. Ufisadi wa bwanyenye umeelezwa kurasa nyingi, na gawio lake halikuguswa.

Mwisho wa riwaya ni picha inayokumbukwa na kila aliyeisoma. Mwaka 1870 vita vimeanza, treni imejaa askari, Lantier na Pecqueux aliyelewa wanapigana juu ya injini na kuanguka pamoja chini ya magurudumu, na treni inaendelea gizani bila dereva. Wahakiki husema kwamba hiyo ni picha ya dola ya Napoleon III ikikimbilia maangamizi. Ni kweli. Lakini sisi tunaongeza swali: kabla ya wawili hao kuanguka, treni ile ilikuwa ikiongozwa na nani? Walioandika ratiba, waliopanga zamu na waliopakia askari hawakuwapo juu ya injini, na hawakuanguka.

Jean Renoir alipoifanya riwaya hii kuwa filamu mwaka 1938, Jean Gabin akiwa dereva, alisahihisha sehemu ya kasoro. Filamu inaanza kwa kazi: dereva na mchochea moto wanasafiri kuelekea Le Havre, karibu bila maneno, wakielewana kwa ishara za mikono kwa sababu ya kelele. Hapo mfanyakazi anaheshimiwa. Hata hivyo Renoir naye aliibakiza damu ya mababu kuwa chanzo cha msiba. Na hiyo ilikuwa Ufaransa ambayo wafanyakazi wake walikuwa wamejipatia sheria ya saa 40 kwa wiki mwaka 1936, na ambayo serikali yake ilianza kuivunja sheria hiyo mwaka huo huo wa 1938. Somo la saa za kazi lilikuwa mitaani, lakini filamu ilibaki kwenye damu.

Jibu lililokuwapo tayari

Huenda mtu akasema kwamba tunamdai Zola elimu ambayo haikuwapo wakati wake. Hoja hiyo haina msingi. Miaka 23 kabla ya riwaya hii, mwaka 1867, Karl Marx alitoa juzuu ya kwanza ya Kapitali, na katika sura ya siku ya kazi aliwaweka wafanyakazi watatu wa reli waliofikishwa mwaka 1866 mbele ya uchunguzi wa vifo mjini London baada ya ajali kubwa: gadi, dereva na mtu wa ishara. Walishitakiwa kwa uzembe. Jibu lao lilikuwa hesabu. Walieleza kwamba miaka 10 au 12 nyuma walikuwa wakifanya kazi saa 8 kwa siku. Katika miaka mitano au sita ya mwisho saa hizo zilikuwa zimepandishwa hadi 14, 18 na 20, na siku za msongamano wa wasafiri zilifika 40 au 50 mfululizo. Walisema kwamba wao ni watu wa kawaida, na nguvu ya mtu ina kikomo.

Tulinganishe. Zola anamtazama dereva na kuuliza ana damu ya nani. Marx anamtazama na kuuliza amekuwa macho tangu lini. Jibu la kwanza halina dawa, kwa kuwa hakuna anayeweza kubadili babu zake. Jibu la pili lina dawa, kwa kuwa orodha ya zamu imeandikwa na mtu na inaweza kuandikwa upya.

Kitanda cha ugenini ni sehemu ya kazi

Historia ya reli duniani inathibitisha kwamba mapumziko hayakutolewa kwa huruma. Marekani, sheria ya mwaka 1907 iliweka kikomo cha saa 16 za kazi mfululizo, kikomo ambacho chenyewe kinatuonyesha hali ilivyokuwa kabla yake. Mwaka 1916, kwa tishio la mgomo wa nchi nzima, wafanyakazi wa treni walipata siku ya saa 8 kuwa msingi wa mshahara. Uingereza, siku ya saa 8 ilipatikana mwaka 1919. Mwaka 1982 shirika la reli la nchi hiyo lilitaka zamu za kupanda na kushuka kati ya saa 7 na 9, na madereva waligoma wiki mbili mwezi Julai kuitetea siku waliyorithi kwa baba zao. Walilazimika kusalimu amri baada ya uongozi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi kuwaacha mkono.

Lakini kwa dereva wa safari ndefu saa za kuendesha ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni mapumziko ya ugenini, na hapa kuna mgongano ambao kada anapaswa kuuelewa vizuri. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2005 kwa wafanyakazi wa treni zinazovuka mipaka yaliweka mapumziko ya kila siku ya saa 12 kwa anayelala nyumbani, na saa 8 kwa anayelala ugenini. Kwa nini kitanda kibaya zaidi kipewe saa chache zaidi? Mwajiri hujibu kwamba ugenini dereva hana mke wala watoto wa kuonana nao, basi alale tu. Na dereva mwenyewe mara nyingi hukubali, kwa sababu kadiri anavyokaa muda mfupi ugenini ndivyo anavyowahi kurudi nyumbani. Hivyo mapenzi ya mtu kwa familia yake yanageuzwa kuwa kamba ya kumvutia kazini akiwa hajalala vya kutosha.

Wala kurefusha tu kukaa ugenini si dawa. Katika mikataba mingi ya reli za Marekani, malipo ya kumweka mfanyakazi stesheni ya ugenini yalipangwa kuanza baada ya saa 16. Kabla ya hapo yupo mbali na nyumbani, hawezi kwenda kokote, anangoja kuitwa, na halipwi. Akikaa kidogo hakulala, akikaa sana amefanya kazi ya kungoja bure. Mgongano huu hauwezi kumalizwa na mwajiri anayehesabu saa za gurudumu peke yake. Utamalizwa pale saa ya ugenini itakapohesabiwa kuwa saa ya uzalishaji.

Tena, saa 8 za mapumziko si saa 8 za usingizi. Ndani yake mtu ateremke kwenye injini, aandike taarifa, atembee hadi nyumba ya mapumziko, aoge, apike, ale, alale, aamshwe, na arudi akiwa na nguo safi. Kama nyumba iko karibu na uwanja wa kupangia mabehewa, vyuma vinagongana usiku kucha. Kama zamu imemwangukia kulala mchana, kuna joto na sauti za watu. Mwili wa binadamu haulali kwa amri ya karani.

Gharama ya kusahau haya ilionekana Kanada tarehe 8 Februari 1986, karibu na mji wa Hinton katika jimbo la Alberta. Treni ya mizigo ilipita ishara ya kusimama ikagongana uso kwa uso na treni ya abiria, na watu 23 wakafa, akiwamo dereva wa treni ya mizigo. Ingekuwa rahisi kumlaumu marehemu na kufunga jalada. Tume ya Jaji René Foisy haikufanya hivyo. Ilichunguza usingizi, ikakuta kwamba waliokuwa mbele kwenye injini walikuwa wamelala chini ya saa tano usiku uliotangulia. Ilichunguza desturi ya kupokezana treni bila kuisimamisha, iliyokubaliwa ili kuokoa muda na mafuta. Ilikosoa mazoea yote ya reli hiyo, yaliyotanguliza uzalishaji mbele ya usalama. Hilo ndilo swali la mfanyakazi likiulizwa ndani ya nchi ya kibepari, tena baada ya maiti 23.

Mfano wa Sembène

Fasihi inayouliza swali sahihi ipo, nayo ilitoka Afrika. Sembène Ousmane wa Senegali alichapisha mwaka 1960 Les bouts de bois de Dieu, riwaya kuhusu mgomo wa reli ya Dakar hadi Niger ulioanza Oktoba 1947 na kumalizika Machi 1948. Kiongozi wake, Ibrahima Bakayoko, ni dereva wa treni kama Lantier. Yeye pia ni mtu wa vituo vingi, leo Bamako, kesho Thiès, kesho kutwa Dakar. Mkewe Assitan anabaki Bamako akingoja, na Sembène hafichi kwamba Bakayoko amekuwa kama mgeni nyumbani kwake.

Tofauti iko wapi? Kwa Zola, wanawake wa reli ni hawara, maiti au mke anayevumilia. Kwa Sembène, posho ya familia ni dai la mgomo, na wanawake wenyewe wanatembea kwa miguu kutoka Thiès hadi Dakar kulitetea. Nyumba ya mfanyakazi, iliyovunjwa na reli, inageuka kuwa jeshi la pili la mgomo. Mwandishi huyu hakuhitaji kuchunguza damu ya mtu yeyote. Alichunguza bahasha ya mshahara na sufuria isiyo na kitu jikoni.

Wajibu wetu

Tunayasema haya kwa sababu nchi yetu ni nchi ya reli ndefu. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200, na reli ya TAZARA hadi Kapiri Mposhi ni kilomita 1,860. Hakuna dereva awezaye kumaliza njia hizo katika zamu moja. Lazima apokewe njiani, na lazima alale ugenini. Basi nyumba ya mapumziko ya madereva ni chombo cha kazi sawa na breki, na chandarua chake kinahusu usalama wa abiria sawa na taa ya mbele.

Misingi ya kulishughulikia jambo hili tunayo. Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970 ulianzisha halmashauri za wafanyakazi ili mfanyakazi awe na sauti katika mipango ya mahali pake pa kazi. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikataza ubwana wa viongozi juu ya wanaowaongoza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka mapumziko ya kila siku ya saa 12 mfululizo, na kuruhusu yapunguzwe hadi 8 kwa makubaliano ya maandishi na kwa masharti. Kada asome masharti hayo, maana penye ruhusa ya kupunguza ndipo mapambano yalipo. Saini ya mtu anayetaka kuwahi nyumbani hupatikana kwa urahisi.

Wapo watakaosema kwamba teknolojia imelimaliza tatizo. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na safari iliyokuwa ya usiku kucha imekuwa ya saa chache. Tunafurahia maendeleo hayo. Lakini mashine inayofupisha njia haifupishi zamu yenyewe. Muda uliookolewa unaweza kumrudisha dereva kitandani kwake jioni ile ile, na unaweza pia kumwongezea safari ya pili. Ni lipi kati ya hayo mawili litakuwa, hilo haliamuliwi na umeme. Linaamuliwa na siasa.

Kwa hiyo tunawaachia wanafunzi na makada wajibu ulio wazi. Mwanafunzi anayesoma Zola asiishie kwenye damu ya Lantier. Aandike pembeni saa anayofika Le Havre na saa anayoondoka, ndipo ahakiki. Kada anayetembelea stesheni asiridhike na kuonyeshwa injini mpya na jengo lililopakwa rangi. Aombe orodha ya zamu ya mwezi mzima. Aingie katika nyumba wanamolala madereva, tena mchana, wakati aliyetoka zamu ya usiku anajaribu kulala, aone kama panalalika. Na ikitokea ajali, kabla neno uzembe halijatamkwa kwenye kikao, iwekwe mezani hesabu ya saa 48 za dereva kabla ya ajali: saa za kuendesha, saa za kungoja, na saa za usingizi.

Chama kinachoongozwa na siasa ya wakulima na wafanyakazi hakiwezi kurithi kutoka kwa bwanyenye swali lake la kwanza. Mnyama anayetisha katika reli hayumo ndani ya mtu. Yumo katika saa ambazo mtu huyo amenyimwa.